Nyasi za kikuyu zang'olewa ng'ambo: Jinsi mtaa wa Sydney ulivyouhifadhi msitu wake

MFUGAJI wa Kenya aliyezoea kuwalisha ng'ombe wake nyasi za kikuyu huenda asisadiki akielezwa kwamba kuna watu ng'ambo ya pili ya bahari wanaopiga magoti asubuhi nzima, bila kulipwa hata ndururu, wakizing'oa nyasi hizo mzizi baada ya mzizi. Wakimaliza hapa husogea hatua moja mbele, na juma lijalo hurudi kutazama iwapo zimechipuka tena. Aghalabu huwa zimechipuka.

Watu hao ni wahudumu wa kujitolea katika mitaa iliyopakana na bandari ya Sydney, nchini Australia. Nyasi zenyewe zilichukuliwa kutoka nyanda za juu za Afrika Mashariki, zikapewa jina la watu wa nyanda hizo, na mwanzoni mwa karne ya 20 zikafikishwa Australia ziwe malisho ya mifugo. Zilistawi kupita kiasi. Leo ndizo zinazotandaza ua wa nyumba nyingi za Sydney, na kutoka uani hutambaa kidogo kidogo hadi zinapoingia msituni na kuisonga mimea iliyokuwako tangu kale.

Mmoja wa mitaa inayopambana na uvamizi huo ni Mosman, ulio kaskazini mwa bandari. Huu si mtaa wa walalahoi. Nyumba zake ni miongoni mwa zile za bei ghali zaidi katika taifa hilo, na anayetaka kuuelewa kwa mfano wa nyumbani na awazie Muthaiga iliyohamishiwa ufuoni mwa bahari. Lakini kinachomvuta mgeni si majumba hayo. Ni kwamba katikati ya jiji lenye wakazi zaidi ya milioni tano, rasi tatu za mtaa huu, yaani Bradleys Head, Georges Head na Middle Head, zingali zimevikwa msitu asilia unaoshuka hadi kwenye miamba ipigwayo na mawimbi.

Safari ya kwenda huko ni nyepesi. Msafiri hupanda feri katika gati la Circular Quay, katikati ya jiji, na kwa muda wa dakika 12 hivi huwa ameshafika katika gati la Taronga. Mwenyeji wa Mombasa hatakosa kuikumbuka Likoni, ingawa hapa hakuna magari yanayosukumana wala kina mama wenye vikapu vya samaki. Bandari zenyewe zina asili moja: kama ilivyo Kilindini, ile ya Sydney ni bonde la mto lililomezwa na bahari maelfu ya miaka iliyopita, maji yalipopanda. Ndiyo sababu ina kina kirefu na vihori vingi vinavyojipenyeza barani kama vidole.

Wageni wengi wanaoshuka hapo Taronga huelekea moja kwa moja katika bustani ya wanyama, iliyohamishiwa mahali hapo mwaka wa 1916 kutoka upande wa pili wa jiji. Wakati huo ndovu mmoja jike aitwaye Jessie alitembezwa barabarani hadi majini, kisha akavushwa kwa chombo kama abiria mwingine yeyote. Bustani hiyo ni nzuri, na mwenye kutaka kumwona koala au kangaruu hana budi kulipa kiingilio, kwa maana wanyama hao wawili hawamo katika msitu wa Mosman. Hata hivyo, asiyetaka kulipa anaweza kugeukia njia ya miguu inayoanzia karibu na gati. Njia hiyo huzunguka rasi ya Bradleys Head hadi ghuba ya Chowder, mwendo wa kilomita nne hivi, na haina malipo. Hiyo ndiyo njia inayosimuliwa hapa.

Hatua chache tu baada ya kuliacha gati, kelele za jiji hufifia. Miti mikubwa iliyo wazi zaidi machoni ni jamaa ya mikaratusi iitwayo angofora. Shina lake hupindapinda juu ya miamba, na kila mwaka hujivua gome la zamani, likabaki gome jipya la rangi ya waridi iliyochanganyika na chungwa, laini kama ngozi ya mtu. Chini yake humea banksia zenye maua yaliyosimama kama magunzi ya mahindi, na grevilia za aina kadha wa kadha.

Kwa Mkenya, majina haya si mageni kabisa. Mgrevilia unaopandwa mipakani mwa mashamba ya kahawa na chai katika Mlima Kenya ni mwana wa Australia. Mikaratusi nayo ililetwa Kenya mnamo 1902 ili kuzipatia kuni garimoshi za Reli ya Uganda, na hadi leo wakulima wanailaumu kwa kunywa maji ya chemchemi. Kwa hivyo mimea inayohesabiwa ugenini kuwa wavamizi ndiyo wenyeji hapa, na nyasi ambazo kwetu ni wenyeji ndizo zinazohesabiwa wavamizi. Mti hauna ubaya wa kuzaliwa nao. Ubaya huja pale unapofikishwa mahali pasipo na wadudu, maradhi na washindani waliokuwa wakiuzuia kwao.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Rasi hizi zimejengeka kwa miamba ya mchanga iliyo maskini mno kwa rutuba, hasa madini ya fosforasi. Mimea asilia ya hapa ilijifunza kuishi na ufukara huo kwa muda wa mamilioni ya miaka; baadhi yake ikitiwa mbolea ya kawaida hufa. Sasa mvua inaponyesha juu ya paa, bustani na barabara za mtaa, maji hubeba mbolea, sabuni na kinyesi cha mbwa, yakamwagika msituni. Ardhi iliyokuwa kavu na maskini huwa chepechepe na tajiri, na magugu ya kigeni, ambayo hupenda shibe, huchukua nafasi. Ndiyo maana mtu akitembea katika njia za Mosman ataona magugu mengi zaidi chini ya mabomba ya maji ya mvua na nyuma ya nyua za watu kuliko katikati ya msitu.

Msitu huu ni mdogo, lakini una wakazi wengi. Wa kwanza kujitokeza mbele ya mgeni huenda akawa ndege mweusi mwenye kichwa chekundu kisicho na manyoya na ukosi wa manjano shingoni, anayefanana na bata mzinga ingawa si jamaa yake wa karibu. Dume la ndege huyu halijengi kiota mtini. Huchakura majani makavu kwa miguu na kuyarundika hadi lipate kichuguu chenye upana wa mita nne na kimo kinachoweza kumfikia mtu kiunoni au zaidi, chenye uzito wa tani kadhaa. Majani yanapooza hutoa joto. Majike huja kutaga humo kisha wakaenda zao, na dume hubaki peke yake akilinda joto hilo: huutia mdomo wake ndani kupima, akiona limezidi huyaondoa majani, likipungua huyaongeza, siku nenda siku rudi, ili lisipungue sana wala kuzidi nyuzijoto 33 hadi 35. Baada ya siku takriban 50 kifaranga huangua, akajichimbia njia hadi juu, akatoka peke yake duniani bila mama wala baba wa kumlea, na saa chache baadaye anaweza kuruka. Baba mwenyewe hamtambui.

Ndege hawa waliliwa sana wakati wa njaa ya miaka ya 1930, wakatoweka katika mitaa mingi ya Sydney. Sasa wanalindwa na sheria, nao wamerudi kwa kishindo. Wenye bustani huwalalamikia kwa kuwa wanaweza kuchakura miche ya mwaka mzima kwa asubuhi moja, na sheria haiwaruhusu kuwadhuru. Hata wahudumu wa kujitolea wanaoupenda msitu huwatazama kwa jicho la shaka, kwani ndege hawa hawajui kutofautisha rundo la takataka na matandazo yaliyowekwa kwa uangalifu ili kukinga ardhi.

Usiku una watu wake. Posamu, mnyama mwenye mfuko wa kubebea mtoto kama kangaruu lakini mwenye ukubwa wa paka, hushuka kutoka matundu ya miti kutafuta majani na maua; asipopata tundu huingia darini mwa nyumba na kuwanyima watu usingizi. Mwenye nyumba akimnasa kwa mtego haruhusiwi kumtupa mbali. Sheria humtaka amwachilie karibu na pale alipomnasa, maana akipelekwa himaya ya wenzake huenda akafa. Posamu naye ana adui, bundi mkubwa kuliko wote nchini humo, mwenye mabawa yanayokaribia mita moja na nusu yakikunjuliwa. Bundi huyo hutaga katika matundu makubwa ya miti mikongwe tu, na tundu la aina hiyo huchukua zaidi ya karne moja kujifanya. Mti wa namna hiyo ukikatwa leo, ule utakaopandwa kesho hautamfaa bundi yeyote anayeishi sasa.

Mchana kuna kasuku weupe wenye vishungi vya manjano wanaopiga kelele kupita kiasi, na ndege wa jamii ya mdiria aitwaye kukabura, ambaye mlio wake ni kama kicheko cha mlevi. Mijusi mikubwa huota jua kando ya vijito. Kuna pia buibui mweusi wa Sydney ambaye sumu yake inaweza kumuua mtu, ingawa tangu dawa yake ilipopatikana mwaka wa 1981 hakuna kifo kilichothibitishwa kutokana naye. Kupe ndio wanaosumbua zaidi. Mgeni anashauriwa kuvaa viatu na suruali ndefu, kutotia mkono katika shimo lolote, na kujikagua mwili afikapo nyumbani.

Swali ambalo kila mgeni hujiuliza ni moja: kwa nini ardhi yenye thamani kubwa namna hii haikugeuzwa kuwa viwanja? Jibu lina sura mbili. Ya kwanza ni bahati, na bahati hiyo ilikuwa mizinga.

Wenyewe wa asili wa rasi hizi walikuwa Waborogegal, waliovua na kuokota chaza hapa kwa maelfu ya miaka. Waingereza walipofika mwaka wa 1788, ugonjwa wa ndui uliotokea mwaka uliofuata uliwamaliza wenyeji wengi wa pwani hiyo. Mnamo 1815 Gavana Lachlan Macquarie alimtengea Bungaree, mwenyeji aliyekuwa ameizunguka Australia nzima kwa jahazi pamoja na nahodha Matthew Flinders, shamba katika Georges Head ili yeye na watu wake wawe wakulima kwa mtindo wa Kizungu. Mpango huo haukudumu. Katika miaka ya 1830 mfanyabiashara Archibald Mosman alianzisha kituo cha kuhudumia meli za kuvua nyangumi katika ghuba iliyo karibu, na jina lake ndilo lililobaki mtaani.

Kisha ikaja hofu. Mnamo 1871, serikali ya koloni ilianza kuchimba mahandaki na kuweka mizinga katika rasi zote tatu, ikihofia kushambuliwa na mataifa mengine kutoka baharini. Sehemu kubwa ya ardhi ikawa ya jeshi, raia wakazuiwa kuingia humo, na kwa muda mrefu hakuna aliyejenga humo isipokuwa wanajeshi. Mizinga hiyo haikumpiga adui hata mmoja. Hata nyambizi tatu ndogo za Japani zilipoingia bandarini usiku wa Mei 31, 1942, mojawapo ilinaswa na wavu wa chuma uliokuwa umefungwa kutoka Georges Head hadi ng'ambo, wala si kwa mizinga ya kale. Lakini kwa bundi na posamu, mizinga hiyo ilikuwa mlinzi bora kupita sheria yoyote. Mahandaki yangalipo, na watoto huyapanda wakicheza. Kwenye ncha ya Bradleys Head umesimamishwa pia mlingoti wa manowari ya Australia iliyoishinda manowari ya Ujerumani, Emden, mnamo Novemba 1914, katika vita vilevile ambavyo manowari nyingine ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha na hatimaye kuangamia katika mto Rufiji.

Sura ya pili ya jibu ni ukaidi wa wakazi. Katika miaka ya 1890 kampuni moja ilichimba na kupata makaa ya mawe chini kabisa ya Cremorne, jirani na Mosman. Wakazi wakapinga mgodi, nao ukahamishiwa Balmain, upande wa pili wa bandari. (Wafanyakazi wa Balmain, ambao hawakuwa na sauti kama hiyo, walibaki na vumbi.) Miaka 100 baadaye jeshi lilipoanza kuondoka, serikali kuu ilitaka kuuza sehemu ya ardhi hiyo. Mnamo 1996 wakazi waliunda kundi la kuitetea, wakaandika barua, wakafanya mikutano na kuwabana wanasiasa hadi serikali ikalegeza msimamo. Mwaka wa 2001 bunge lilipitisha sheria ya kuunda shirika la umma la kuzisimamia ardhi za zamani za jeshi kandokando ya bandari. Sehemu nyingine za msitu zimo katika hifadhi ya taifa ya Bandari ya Sydney, iliyoanzishwa mwaka wa 1975.

Kuizuia nyumba isijengwe, hata hivyo, si sawa na kuuponya msitu. Hapo ndipo inapoingia habari ya dada wawili, Eileen na Joan Bradley, ambao majina yao hayajulikani sana nje ya Australia ingawa kazi yao imeenea mbali. Rasi ya Bradleys Head haikupewa jina lao bali la ofisa wa wanamaji wa mwaka wa 1788. Ni sadfa tu.

Dada hawa walikuwa wakazi wa hapo hapo. Joan alisomea kemia. Katika miaka ya 1950 walikuwa wamejishughulisha na ndege mdogo wa rangi ya buluu, wakiwavisha ndege hao pete za rangi miguuni ili kumtambua mmoja mmoja, na matokeo yao yakachapishwa katika jarida la wataalamu wa ndege. Kwa hivyo walikuwa na mazoea ya kutazama jambo kwa muda mrefu bila haraka. Katika matembezi yao ya kila siku na mbwa ndani ya bustani ya Ashton, iliyo kwenye rasi hiyo, waligundua jambo lililowatatiza. Wafanyakazi walikuwa wakija na mafyekeo, wakifyeka magugu yote mahali fulani hadi pakawa peupe, na kuondoka wameridhika. Miezi michache baadaye magugu yalirudi kwa wingi kuliko mwanzo, na mimea asilia iliyokuwa imejificha katikati yake ilikuwa imekwisha.

Sababu si ngumu kuieleza. Magugu hupenda ardhi iliyochimbuliwa na mwanga mwingi. Anayefyeka kila kitu kwa siku moja anayatayarishia shamba.

Akina Bradley walianza kufanya kinyume. Waling'oa magugu machache kila walipopita, kwa mkono, kisu au koleo ndogo, kisha wakayarudisha majani makavu juu ya udongo kama walivyoyakuta. Kanuni walizozitoa ni tatu. Kwanza, anza palipo pazuri, si palipoharibika. Linda eneo ambalo mimea asilia ina nguvu, kisha sogea taratibu kuelekea palipovamiwa. Pili, usiuvuruge udongo kupita inavyolazimu. Tatu, mwendo wa kazi uamuliwe na mimea asilia yenyewe: usisonge mbele kabla miche yake haijajaza pengo uliloliacha.

Kanuni ya kwanza ndiyo inayowatoa watu jasho, kwa kuwa inakwenda kinyume na hulka ya binadamu. Mtu aonapo kichaka kizito cha magugu hutamani kukivamia palepale, na mfadhili naye hupenda picha ya kabla na baada. Dada hawa walisema kichaka hicho kingoje. Kinaweza kungoja mwaka, au miaka 10. Kazi ya kwanza ni kuondoa gugu moja moja katika sehemu ambayo mpita njia angeiona haina kasoro. Waliieleza njia yao katika vijitabu, cha kwanza mwaka wa 1967 na kingine 1971. Eileen alifariki 1976 na Joan 1982. Kitabu chake kikubwa kilichapishwa 1988, yeye akiwa hayupo. Leo kung'oa magugu kwa utaratibu huo ni kazi inayosomewa vyuoni Australia, na serikali za mitaa huwalipa wataalamu wake, mbali na maelfu ya wahudumu wa kujitolea.

Gugu walilopambana nalo zaidi ni lantana, kile kichaka chenye miiba na maua ya waridi na manjano ambacho Wakenya wanakijua vyema: kimejaa kandokando ya barabara na misitu, na watoto waendao shule huchuma matunda yake meusi. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Na hapa kuna fumbo ambalo ndege wa buluu waliwafunza wengi. Mahali ambapo vichaka asilia vimetoweka, ndege wadogo hujificha ndani ya lantana wasiliwe na paka na ndege wakubwa. Anayekifyeka kichaka chote cha lantana kwa siku moja, akijidai kuwasaidia ndege, huwaacha bila paa. Njia ya polepole huwapa muda wa kuhama.

Njia hiyo haina majibu kwa kila kitu. Baadhi ya mbegu za mimea ya Australia hazioti bila kupitiwa na moto, na wenyeji wa kale waliijua siri hiyo, wakichoma vipande vidogo vidogo kwa zamu. Msitu uliozungukwa na nyumba za mamilioni ya dola ni vigumu kuuchoma. Wazimamoto hufanya hivyo mara chache kwa hadhari kubwa, na hata hadhari ina mipaka: mnamo Oktoba 2020, moto uliowashwa kwa makusudi katika North Head, ng'ambo ya mlango wa bandari, uliwaponyoka kwa sababu ya upepo na kuteketeza hekta zipatazo 60.

Kuna adui mwingine ambaye si mmea. Nyumba inayoiona bandari huuzwa ghali kuliko isiyoiona, na katika mitaa ya bandari hii miti ya umma imekuwa ikitobolewa usiku na kutiwa sumu, au kukatwa kabisa. Ushahidi ni vigumu kupatikana, kwani anayefaidika hukana na jirani hunyamaza. Baadhi ya mabaraza yameamua kusimamisha bango kubwa palepale mti ulipofia, ili mandhari iliyotafutwa kwa hila izibwe kwa karatasi ya bati hadi mti mpya ukue. Ni adhabu ya busara, ingawa humwadhibu pia jirani asiye na hatia.

Njia ya miguu inapoishia, katika ghuba ya Chowder, kazi ya kurudisha viumbe imeingia hata majini. Majengo ya zamani ya jeshi sasa yana taasisi ya utafiti wa bahari, na katika ghuba ya Clifton Gardens iliyo ubavuni mwake huishi samaki mdogo anayesimama wima, mwenye kichwa kama cha farasi. Aina hii ya farasi-bahari imo hatarini kutoweka kwa kuwa makazi yake yameharibiwa. Mnamo 2020 watafiti waliwaachilia wachanga waliolelewa kizuizini katika vizimba maalumu vya waya vilivyozamishwa hapo. Vizimba hivyo huota mwani na kuwa kama vichaka, na waya ukishaliwa na kutu mwani hubaki. Waogeleaji wenye miwani huwaona wakijishikiza mkia.

Wakenya wana sababu ya kuyafuatilia haya kwa karibu. Msitu wa Karura, jijini Nairobi, uliponea kugawanywa viwanja baada ya maandamano yaliyoongozwa na Wangari Maathai, aliyejeruhiwa huko na vijana wa kukodiwa mnamo Januari 1999. Baada ya kuokolewa, kazi haikuisha: lantana ilikuwa imejaa na sehemu kubwa ilikuwa mikaratusi. Serikali na chama cha wakazi wamekuwa wakiyaondoa hayo na kurudisha miti ya kienyeji. Karura, yenye hekta zaidi ya 1,000, ni kubwa kuliko misitu yote ya Mosman ikijumlishwa, na kung'oa kwa mkono na kisu pekee hakungetosha. Lakini swali la mahali pa kuanzia, penye uzima au palipoharibika, ni lilelile.

Kwa anayenuia kuzuru, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo majira ya baridi ya Sydney, nayo hufaa kwa kutembea; wakati huo nyangumi hupita nje ya mlango wa bandari na huonekana kutoka rasi zilizoinuka. Mbwa hawaruhusiwi ndani ya hifadhi ya taifa. Anayefika asubuhi anaweza kukutana na kikundi cha watu wazima waliovaa kofia pana na glavu, wengi wao wastaafu, wameinama kimya pembeni mwa njia. Hupanga siku zao kwa mwezi, kila kikundi na kipande chake cha msitu. Mgeni akiwauliza wanang'oa nini huinua ncha ya unyasi wa kijani wenye mafundo, na anayetoka Kenya huutambua kabla hawajautaja jina.